Sindano, wino na jina la mtu: kazi za Bwana Edison zinazotugusa sisi



Tangu kufunguliwa kwa mwaka huu wa masomo, sisi tunaotengeneza gazeti hili tunaulizwa swali moja kila juma: Kwa nini mungali mnazungusha ile roneo ya zamani? Wino unachafua mikono na mashati, stensili ni taabu kupata mjini, tena karatasi si ya bure. Wengine wanasema wazi: simu iko, tuandike mule, na franka za karatasi zinunue mipira. Swali hili si la mchezo. Litapelekwa mbele ya mkutano wa wakubwa wa madarasa, na kule litaamuliwa.

Mbele ya kuamua juu ya mashine, ni vema kuijua. Tumetafuta habari zake, na tumekuta ya kama mmoja wa wale walioianzisha ndiye aliyetengeneza pia mashine ya kwanza yenye kushika sauti ya mtu na kuirudisha, na tena mashine ya kuonyesha picha zenye kutembea. Ni Thomas Alva Edison, mvumbuzi wa Marekani. Wengi wetu tunamjua kwa ajili ya taa ya umeme. Leo taa tunaiacha pembeni. Tutazame zile kazi zake zingine, na tuulize kwa kila moja: Je, watu walikuwa na haja nayo?

1. KIJANA MWENYE GAZETI

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio. Shuleni alikaa miezi michache tu. Mama yake, aliyekuwa mwalimu zamani, ndiye alimfundisha nyumbani. Masikio yake hayakusikia vizuri tangu ujana.

Alipofikisha miaka 12, alianza kuuza magazeti na peremende ndani ya treni iliyokwenda kati ya Port Huron na Detroit. Mwaka wa 1862, akiwa na miaka 15, aliweka mashine ndogo ya kupiga chapa katika behewa la mizigo, akatoa gazeti lake mwenyewe, jina lake Weekly Herald. Ndani yake aliandika habari za kule njiani, saa za treni na bei za vyakula. Basi, wale wanaofikiri ya kama gazeti la wanafunzi ni kazi ya watoto, waangalie hapa: mtu huyu alianza na karatasi ndogo kuliko hii yetu.

Kiisha akajifunza telegrafu, ndiyo kazi ya kutuma maneno kwa njia ya waya kwa alama fupi na ndefu. Kule alishika jambo moja lililomsaidia maisha yake yote: umeme unaweza kusukuma chuma kidogo, na kile chuma kinaweza kuacha alama juu ya karatasi. Shikeni neno hili, kuacha alama. Karibu kazi zote tunazosimulia hapa zinatoka mle.

2. MASHINE YENYE KUANDIKA MAJINA

Mwaka wa 1869 Edison alikuwa na miaka 22, akikaa Boston. Alijua ya kama wabunge kule Washington walipoteza wakati mwingi kila mara walipopiga kura. Karani alipaswa kuita majina, moja kwa moja, na kila mbunge kujibu ndiyo ao hapana. Basi akatengeneza mashine ya kuwaondolea taabu ile.

Iko namna hii. Kila mbunge anapata kifungo juu ya meza yake. Akikisukuma upande mmoja, ni ndiyo. Upande wa pili, ni hapana. Waya unatoka pale mpaka kwenye mashine ya karani. Mule kuko majina ya wabunge wote kwa herufi za chuma, yamepangwa mara mbili: safu moja ya ndiyo, safu moja ya hapana. Karani anatandika juu yake karatasi iliyotiwa dawa, anapitisha gurudumu la chuma, na pale umeme unapopita, dawa inageuka rangi. Jina la mbunge linaonekana juu ya karatasi katika safu aliyoichagua. Tena kuko saa mbili zenye mshale, zinahesabu kura zote. Ni kupiga chapa bila wino, na ni kujulisha mtu pamoja na neno lake.

Hii ndiyo ilimpatia hati yake ya kwanza ya uvumbuzi, tarehe 1 Juni 1869. Alikufa mwaka wa 1931, na kwa jumla hati za Marekani zenye jina lake ni 1093. Lakini ile ya kwanza haikununuliwa na mtu. Alipoionyesha Washington, walimwambia ya kama hawataki kura ya haraka hata kidogo. Wale walio wachache katika baraza wanatumia ule wakati wa kuita majina kwa kuchelewesha sheria wasiyoipenda na kwa kugeuza mioyo ya wenzao. Mashine ilifanya kazi vizuri. Ni haja tu haikuwako. Edison akakata shauri kutopoteza tena nguvu zake juu ya kitu kisichotakiwa na watu.

Lakini wakati uligeuka. Mwaka wa 1917 baraza la jimbo la Wisconsin lilianza kupiga kura kwa umeme, na mwaka wa 1973 baraza la wabunge la Washington lenyewe likafanya vile vile. Ilikuwa imepita miaka 104.

Jambo hili linatugusa sisi wa mwaka wa sita, sababu wengi wetu tumefikisha miaka ya kuchagua. Tangu mwaka wa 2005 karte ya mchaguzi imetumika katika inchi yetu kama karte ya kujulisha mtu: unaionyesha njiani, unaionyesha unapotafuta kazi. Na katika uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 tuliona mashine ya kuchagulia: unagusa kioo, na mashine inapiga chapa chaguo lako juu ya karatasi. Wengi waliisifu, na wengi waliiogopa wakiiita mashine ya kuiba. Tuangalie tofauti. Mashine ya Edison iliandika jina pamoja na kura, sababu mbunge anasema kwa ajili ya watu waliomtuma, na hao wana haki ya kujua. Kwa mwananchi ni kinyume: karte inasema wewe ni nani, lakini karatasi ya kura haipaswi kusema. Ni vizuri mtu kujua wapi jina lake liandikwe, na wapi lisiandikwe.

3. KALAMU YA UMEME NA STENSILI

Sasa tunafika kwenye roneo yetu. Mwaka wa 1875 Edison na wafanyakazi wake walitengeneza kalamu ya umeme, na hati yake ilitolewa mwaka wa 1876. Juu ya kalamu kulikuwa na moteri ndogo sana, na ndani yake sindano iliyopanda na kushuka kama sindano ya cherehani, mara 50 hivi kwa kila sekunde. Mtu aliandika kama kawaida, na sindano ikatoboa karatasi kwa matundu madogo madogo. Ile karatasi iliyotobolewa iliwekwa juu ya karatasi safi, gurudumu lenye wino likapitishwa juu yake, wino ukashuka katika matundu. Barua moja ikazaa nyingi.

Hii watu waliitaka. Kabla yake karani aliandika barua ile ile mara ishirini kwa mkono. Ila kulikuwa na taabu moja: batri. Ilikuwa chupa zenye dawa kali, za kujazwa na kusafishwa, na makarani hawakuwa mafundi wa umeme. Kwa hiyo, mwaka wa 1880 Edison alipata hati ya njia ingine isiyotaka umeme: karatasi yenye nta inatandikwa juu ya bamba la chuma lenye mistari midogo sana, mtu anaandika juu yake kwa kijiti cha chuma, na ile mistari inatoboa nta kutoka chini.

Nyuma yake akaja mfanya biashara wa mbao wa Chicago, Albert Blake Dick. Huyu alichoka kuandika orodha za mbao kila siku. Mwaka wa 1887 alipata ruhusa ya Edison, akaanza kuuza mashine hiyo kwa jina la mimiografu. Wakati ule kule London, David Gestetner, mtu aliyezaliwa Hungaria, alikuwa naye na stensili yake tangu mwaka wa 1881. Basi hatuwezi kusema ya kama roneo ni kazi ya mtu mmoja. Wengi waliijenga, kila mmoja kipande chake.

Kwa wadogo wetu wa mwaka wa kwanza, wasioingia bado katika chumba cha gazeti, tueleze namna yetu. Stensili ni karatasi nyembamba yenye nta. Tunaitia katika mashine ya kuandikia, tukiondoa kwanza utepe wa wino. Kila herufi inapiga nta na kuikata. Tukikosea, tunapaka dawa ya kusahihisha, tunangoja ikauke, tunapiga tena. Kiisha stensili inavikwa juu ya pipa la roneo, na wino uko ndani ya pipa. Tunazungusha mkono: karatasi inapita chini, wino unatoka tu pale nta ilipokatwa. Stensili moja inatoa mamia ya kurasa. Umeme ukikatika, kazi haisimami.

Na ile kalamu ya kwanza, ilikufa? Haikufa yote. Mwaka wa 1891, Samuel O'Reilly wa New York aliigeuza kuwa mashine ya kuchora chale juu ya ngozi ya mtu. Wazee wetu walichanja uso ili mtu ajulikane ni wa kabila gani; watu wa mbali nao wakaandika majina na alama juu ya mikono yao kwa sindano ya Edison. Chombo cha kuandika barua kikawa chombo cha kuandika watu. Mwenye kukivumbua hakukifikiria vile.

4. SAUTI JUU YA BATI

Mwaka wa 1877 Edison alikuwa anatafuta njia ya kuhifadhi habari za telegrafu: sindano ikanyage karatasi na kuacha alama, kiisha alama zirudishe habari. Akafikiri: kama alama za telegrafu zinaweza kurudi, kwa nini si sauti ya mtu? Akachora mashine, na fundi wake John Kruesi akaitengeneza. Ilikuwa silinda yenye kuzungushwa kwa mkono, imefunikwa na bati jembamba kama karatasi. Unasema mbele ya kiwambo chembamba, kiwambo kinatetemeka, sindano iliyofungwa nyuma yake inatetemeka nacho na kuchimba bati. Ukirudisha silinda mwanzo na kuzungusha tena, sindano inafuata mifereji ile, kiwambo kinatetemeka sawasawa na mara ya kwanza, na sauti inatoka. Edison alisema maneno ya wimbo wa watoto, na mashine ikamjibu maneno yale yale. Wale waliokuwako walishangaa sana. Hati ilitolewa mwezi wa Februari 1878.

Mwaka ule Edison aliandika orodha ya kazi kumi za fonografu. Ya kwanza ilikuwa barua za ofisi, yaani mkubwa aseme, karani asikilize na kuandika. Vitabu vya kusikiliza kwa wasioona vilikuwa katika orodha, na kushika sauti za wazee wa jamaa, na kuhifadhi lugha. Muziki ulikuwa wa nne. Lakini watu walitaka nini? Nyimbo! Hapa mvumbuzi hakuona mbali kuliko watu wa njiani. Tena mwaka wa 1890 alijaribu kuuza mtoto wa sanamu mwenye kusema, fonografu ndogo ndani ya tumbo lake. Alikuwa mzito, sauti yake ilikuwa ya kutisha, na upesi ilichakaa. Kabla ya miezi mingi kupita, wakaacha kumuuza.

Lakini tusicheke ile orodha. Neno la kuhifadhi lugha lilifika mpaka kwetu. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alipita upande wa msitu wa Ituri na kaskazini ya Kongo na mashine zake, akashika nyimbo na ngoma nyingi. Walioimba siku zile wengi wamekwisha kufa. Sauti zao ziko.

5. PICHA ZENYE KUTEMBEA

Mwaka wa 1888 Edison aliandika ya kama anataka kutengeneza kitu kitakachofanyia macho kile fonografu inafanyia masikio. Kazi kubwa aliiweka katika mikono ya kijana wake, W. K. L. Dickson. Tunataja jina hili makusudi, sababu mara nyingi sifa zote zinakwenda kwa mkubwa peke yake. Mashine yao, kinetoskopu, ilikuwa sanduku la mbao lenye tundu juu yake. Mtu aliinama, akachungulia, na filme ikapita mbio mbele ya taa. Tarehe 14 Aprili 1894 mashine kumi zilifunguliwa kwa watu wote kule New York.

Mtu mmoja tu aliweza kutazama kwa mara moja, na Edison aliridhika hivyo, sababu kila mmoja alilipa. Lakini tarehe 28 Desemba 1895, kule Paris, ndugu wawili wa jamaa ya Lumière walionyesha picha juu ya ukuta, watu wengi wakatazama pamoja. Hapo ndipo haja ya watu ilikuwa: kucheka pamoja. Sanduku la kuchungulia halikudumu.

6. NA KWETU, JE?

Musifikiri ya kama uvumbuzi ni mali ya wageni. Walokele, wakaaji wa kando ya mto wetu, walikuwa na chombo cha kutuma habari mbele ya telegrafu kufika: lokole. Ni gogo lililochimbwa ndani, lenye mdomo mrefu. Upande mmoja unatoa sauti ya juu, upande wa pili sauti ya chini. Kilokele kina maneno yenye sauti za juu na za chini, na lokole inafuata sauti hizo. Lakini kuko magumu: maneno mengi yanafanana kwa sauti. Wapigaji walifanya nini? Walirefusha. Hawapigi neno moja tu, wanapiga fungu zima la maneno, ili msikiaji asikosee. Vile vile kwa mtu: jina lake la ngoma linachukua jina lake, jina la baba yake na kijiji cha mama yake. Namna hii hata katika giza, mbali kwa kilometa kadhaa, kila mtu anajua ni nani anaitwa. Ile ile lokole inaita watu kwa kilio, na inaita watu kwa mchezo. John Carrington, mmisionere aliyefika Kongo mwaka wa 1938 na kufanya kazi Yakusu, alijifunza kuipiga na aliandika kitabu juu yake mwaka wa 1949. Kule Yakusu pia, zamani za ukoloni, walipiga chapa gazeti la Kilokele, Mboli ya Tengai.

Na siku hizi? Mwaka wa 2013 injenieri mwanamke wa inchi yetu, Thérèse Izay Kirongozi, alisimamisha Kinshasa roboti zenye kuongoza magari, zenye kutumia nguvu ya jua na kushika picha za mambo ya njiani. Hakuanza kwa kuuliza, nitengeneze kitu gani cha ajabu? Alianza pale penye matata: magari mengi na watu wenye kuvuka kwa hatari.

7. BASI RONEO YETU TUIFANYEJE?

Tumeona ya kama mashine haipati haki ya kuishi kwa sababu ni nzuri, wala haipaswi kutupwa kwa sababu ni ya zamani. Mashine ya kura ilikuwa nzuri, ikakataliwa. Kalamu ya umeme ilipendwa, ikapitwa na bamba lisilotaka umeme. Fonografu ilitengenezwa kwa ofisi, ikapata uzima katika nyimbo. Kila mara waliokata neno ni watu wenye kuitumia.

Shauri letu ni hili. Upande wa simu kuko haki: habari inafika upesi, haichafui mikono. Upande wa roneo kuko haki pia. Si kila mwanafunzi yuko na simu, na mwenye nayo si kila siku ana umeme wa kuitilia nguvu. Ukurasa unabandikwa ukutani, unapelekwa kwa wazazi Isangi ao Banalia, unasomwa na watu kumi. Tena, kwa sababu stensili ni ngumu kusahihisha, tunalazimika kusoma neno mara mbili mbele ya kulipiga. Na kila habari iko na jina la darasa lililoiandika, si neno la gizani lisilo na mwenyewe.

Lakini tusibishane kwa maneno tu. Mbele ya mkutano, kila mkubwa wa darasa ahesabu mambo matatu na kutuletea: wangapi hawana simu, wangapi walisoma toleo lililopita mpaka mwisho, na wangapi walipeleka ukurasa wao nyumbani. Kama hesabu inaonyesha ya kama haja haiko, sisi wenyewe tutaifunika roneo na kuirudisha kwa bwana mkubwa wa masomo, bila kinyongo. Kama haja iko, basi tunaomba watu wawili wa kila darasa waje kuzungusha, sababu mikono yetu ya mwaka wa sita inaondoka baada ya mtihani wa Serikali, na mashine haijizungushi yenyewe.

Kwa niaba ya wanafunzi wa mwaka wa sita,
mkubwa wa wanafunzi